Shukrani Isiyongoja Matanga



Siku si nyingi zilizopita tulihudhuria maziko ya mama mmoja wa makamo. Hakuwa na cheo, wala jina lake halikupata kuandikwa gazetini. Alikuwa mwuza vitumbua. Baada ya maziko, ndugu walimwomba mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka 26 aliyelelewa naye tangu utoto, aseme maneno machache kwa niaba ya jamaa. Kijana huyo sasa ana kazi nzuri mjini.

Alisimama, akasema kwa muda wa robo saa. Alieleza jinsi shangazi yake alivyoamka saa tisa za usiku kuwasha moto. Jinsi alivyokaa penye kituo cha basi, mvua na jua, mbele ya beseni lake. Jinsi fedha za vitumbua zilivyogeuka madaftari, sare, na nauli ya kwenda sekondari. Akasema pia neno ambalo hata jamaa zake hawakulijua: kwamba kwa muda wa miaka miwili shangazi alivaa kandambili zilizofungwa kwa waya, ili yeye apate viatu vya shule. Watu walilia, na wazee walifuta macho.

Alipoketi, bibi kizee mmoja aliyekaa mkekani karibu nasi alisema kwa sauti ya chini, bila hasira: "Maneno mazuri mno. Mwenyewe angaliyasikia, angalifurahi."

Tulirudi nyumbani na maneno hayo, nayo hayajatuacha. Kijana yule si mtovu wa fadhila. Kosa lake ni kosa letu sote: shukrani alikuwa nayo, lakini aliiweka akiba mpaka siku ambayo mwenye kustahili hawezi tena kuipokea. Kwa hiyo twapenda somo la juma hili liwe juu ya shukrani, na hasa shukrani ya kijana aliyekwisha kuwa mtu mzima, kwa vitu na watu wa kila siku.

1. Maana ya kushukuru

Tuanze na neno lenyewe. Neno "asante" tulilipata kwa Kiarabu, na asili yake ni ahsanta, maana yake "umetenda vema". Liangalieni vizuri. Neno hili halisemi "nimefurahi". Halielezi habari zangu mimi niliyepewa. Laeleza habari zako wewe uliyetenda. Basi mtu asemaye asante hutoa ushuhuda: nimeliona tendo lako, nami nakiri ya kuwa ni jema. Na shahidi asiyejua alichokiona hawezi kuitwa shahidi.

Hapo twapata mambo mawili. La kwanza ni kujua, la pili ni kunena. Anayenena asijue, asante yake ni ya kasuku. Anayejua asinene, yu kama kijana wetu aliyengoja matanga. Shukrani kamili huunganisha yote mawili.

2. Kuvijua vitu

Mtu aweza kuuliza: Je, kuna nini cha kujua katika vitu vya kila siku? Chumvi ni chumvi, na nguo ni nguo. Tuchukue vitu vitatu tu ambavyo karibu kila kijana wa nchi hizi amevipata, tuone.

Kwanza, chumvi. Huko Uvinza, katika Mkoa wa Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara ya karne ya 19 iliichukua chumvi hiyo mpaka nchi za mbali. Pwani nako maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua likayakausha, na watu wakaikusanya chumvi kwa kazi ya kuchosha, kichwani jua kali na miguuni maji makali ya chumvi. Tena kuna jambo jingine ndani yake. Zamani, katika sehemu nyingi za milimani, mbali na bahari, watu wengi walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa shingoni, kwa sababu udongo wao na chakula chao vilipungukiwa na madini joto. Rovu ilionekana kwa macho. Lililo baya zaidi halikuonekana: mama mjamzito akipungukiwa sana na madini hayo, akili ya mtoto aliye tumboni hudhurika. Ndiyo sababu katika miaka ya 1990 Tanzania iliagiza kwa sheria chumvi ya kula itiwe madini joto. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Kwa maisha ya miaka 70 ni kama gramu nne, hazijazi kijiko cha chai. Ewe kijana unayejivunia akili yako darasani au kazini, umepata kufikiri kwamba sehemu yake ilitoka katika kibakuli cha chumvi cha mama yako?

Chumvi hiyo hiyo, pamoja na sukari, imeokoa watoto wasiohesabika. Mwaka 1971, wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi za wakimbizi huko India. Maji ya kutiwa mishipani yalipokuwa yakiisha, daktari Dilip Mahalanabis na wenzake waliwanywesha wagonjwa maji yaliyochanganywa na sukari na chumvi, hata ndugu za wagonjwa wakafundishwa kuyanywesha, na vifo vikapungua sana. Leo zahanati zetu hutoa pakiti za dawa hiyo, nayo ndiyo bora. Pasipokuwa na pakiti, mama huchukua lita moja ya maji safi, akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Kisha hukaa usiku kucha akimnywesha mtoto, kijiko baada ya kijiko. Mtoto akitapika, hungoja kidogo, akaanza tena. Huenda nawe ulikuwa mtoto huyo. Wewe huukumbuki usiku ule, lakini yeye anaukumbuka.

Pili, kovu. Wengi wetu tuna kovu dogo mkononi, alama ya chanjo ya kifua kikuu. Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, waliifanyia kazi chanjo hiyo kwa muda wa miaka 13, na mtoto wa kwanza aliipata huko Paris mwaka 1921. Lakini kati ya Paris na mkono wako wamo watu wengi: mtu aliyeibeba dawa katika sanduku lenye barafu isiharibike njiani, mwuguzi aliyeandika jina lako katika kadi, na mama aliyekaa foleni tangu alfajiri, nawe ukilia mgongoni.

Tatu, mbeleko. Kanga ni nguo ya pwani yetu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani waliunganisha leso kwa kuzishona pamoja, na wafanyabiashara wakaja wakaiga kwa kuchapa nguo nzima, yenye pindo, mji na jina. Tangu hapo imekuwa vazi, shuka, tandiko la mtoto na kitambaa cha kufuta machozi. Kijana avaaye suti leo alianza safari yake katika kanga, mgongoni kwa mtu. Suti aliinunua mwenyewe. Kanga ile hakuinunua.

Twasema mambo haya ili kuondoa uongo mmoja unaowapenda sana vijana waliofanikiwa: "Mimi nimejitengeneza mwenyewe." Hakuna mtu wa namna hiyo. Bidii yako ni ya kweli, nasi twaisifu. Lakini ilipoanza ilikuta tayari kuna chumvi, na kovu, na mgongo wa kubebwa.

3. Kuwajua watu

Wahenga walisema, Mkono mmoja haulei mwana. Walakini kijana akiulizwa ni nani wa kushukuru, hutaja baba na mama, kisha hunyamaza. Si vibaya kuanza hapo. Ni vibaya kuishia hapo. Tutaje watatu wanaosahauliwa.

Wa kwanza ni mkunga. Twaijua methali isemayo, Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wengi huitumia kama onyo tu, kwamba utamhitaji tena kesho. Lakini yatukumbusha pia kwamba kuna mikono iliyokupokea kabla hujawa na jina. Mwulize mama yako leo: "Nani alikupokelea nilipozaliwa?" Vijana wengi hawajapata kuuliza swali hilo.

Wa pili ni mwalimu wa darasa la kwanza. Mhitimu wa chuo kikuu hukumbuka jina la profesa wake, lakini aliyemfundisha a, e, i, o, u amemsahau. Tutoe mfano wa Tanzania. Mnamo Novemba 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliazimu kwamba ifikapo mwaka 1977 watoto wote wenye umri wa kusoma wawe wameingia shule ya msingi. Walimu hawakutosha. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipochukuliwa kwa maelfu, wakafunzwa ualimu huku wakifanya kazi vijijini. Mpango huo uliitwa kwa herufi tatu, UPE, na watu wenye mzaha wakazisoma "Ualimu Pasipo Elimu". Hatukatai kwamba elimu yao ilikuwa na upungufu. Lakini wengi wa wazazi wa vijana wa leo waliandika herufi yao ya kwanza chini ya mti, mkono wao ukiwa umeshikwa na mmoja wa hao waliochekwa; na watu waliojifunza kusoma kwao ndio waliokuja kusisitiza kwamba watoto wao wasome zaidi. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Wa tatu ni dada. Katika nyumba nyingi ndoo ya maji ilibebwa na msichana. Kaka alipokuwa akidurusu masomo, dada alikuwa kisimani. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Ihesabuni mara mbili au tatu kwa siku, kwa miaka yote ya shule. Mara nyingine dada alichelewa darasani kwa ajili ya maji hayo. Mara nyingine aliacha shule kabisa, fedha zisipowatosha wawili. Kijana wa kiume, cheti chako kimeandikwa jina moja tu, lakini sare uliyovaa siku ya mtihani ilifuliwa kwa maji aliyoyateka dada yako. Je, umepata kumwambia kwamba walijua hilo?

4. Majibu kwa wenye mashaka

Wengine husema: "Mwuguzi na mwalimu walilipwa mshahara, nani huwashukuru watu kwa kazi yao?" Twajibu: mshahara hulipa saa za kazi. Lakini mwuguzi aliyerudi mara ya pili kumtazama mgonjwa aliyelala kimya, na mwalimu aliyebaki jioni na mtoto mzito wa kusoma, walitoa kitu ambacho hakikuandikwa katika hati ya mshahara. Hicho ndicho twakidaiwa asante.

Wengine husema kwa uchungu: "Baba yangu alitutupa. Nimshukuru kwa lipi?" Neno hili ni zito, wala hatutaki kulijibu kwa wepesi. Shukrani ni ushuhuda, na ushuhuda wa uongo haumpendezi mtu. Hakuna anayelazimishwa kuuita ubaya jina la wema. Lakini mtoto aliyetupwa, akaishi hata kuwa mtu mzima, bila shaka aliokotwa na mtu: nyanya, mjomba, jirani, au mtu baki. Amtafute huyo. Asiache uchungu wa aliyeondoka umfiche machoni pake yule aliyebaki.

Tena twawageukia ninyi, wazazi na walezi. Kuna jambo moja liuwalo shukrani ya vijana kuliko majivuno yao wenyewe, nalo ni masimango. Mlezi anayemhesabia mwana kila sahani ya chakula, anayemwambia mbele ya wageni, "Bila mimi ungekuwa wapi?", amegeuza fadhila kuwa deni lenye riba. Kijana wa namna hiyo hutuma fedha kila mwezi, lakini moyo wake haurudi nyumbani. Mwana atakayesahau, mwonyeni kwa upole, lakini msimsimange. Asante iliyokamuliwa haina ladha.

5. Jinsi ya kushukuru

Wasomaji wetu wakijua kile kisa cha wakoma kumi. Wote kumi waliponywa, wala hatuambiwi kwamba wale tisa hawakufurahi. Bila shaka walikimbia nyumbani kwa furaha kubwa. Tofauti ya yule mmoja ni kwamba alirudi. Furaha iliwapata kumi; shukrani ilimpata mmoja. Basi na tujifunze kurudi, kwa kanuni nne nyepesi.

Ya kwanza, taja jambo lenyewe. "Asante kwa yote" ni neno la kupita njia. "Asante kwa zile kandambili" ni neno ambalo mtu atalala nalo.

Ya pili, sema mapema, na umwambie mwenyewe. Kama yu karibu, mwendee. Kama yu mbali, mpigie simu. Kama simu hana, mwandikie, na mtu amsomee.

Ya tatu, sema mbele ya wengine inapofaa. Mama mwuza vitumbua akisifiwa mbele ya majirani zake angali hai, majirani nao watajifunza kumwona.

Ya nne, endeleza kwa tendo. Hapa twatoa mfano wa mtu wa pwani hii yetu ya mashariki. Mwaka 1977, katika mji wa Merca huko Somalia, mpishi wa hospitali aliyeitwa Ali Maow Maalin aliugua ndui. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu, kama alivyokiri baadaye mwenyewe. Alipona, naye akawa mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui nje ya maabara. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha. Angaliweza kukaa nyumbani na kufurahi. Badala yake, baadaye alikwenda huku na huku akiwasihi wazazi wawapatie watoto wao chanjo ya polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe. Mwaka 2013 polio iliporudi Somalia, alikuwa tena kazini, na malaria ikamwua akiwa katika kazi hiyo. Hakuwa na njia ya kuwalipa wote waliopigana na ndui. Aliyapokeza mema hayo kwa watoto wa wengine. Ndivyo ilivyo. Fadhila nyingi hatuwezi kuzirudisha nyuma kwa waliozitoa. Twaweza kuzipeleka mbele.

Tumalizie kwa yule kijana wetu. Asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya kupanda basi, tulimwona akienda kwa yule bibi kizee aliyesema maneno yale mkekani. Kumbe alikuwa jirani yao wa zamani. Kijana alichutama mbele yake, akasema: "Shikamoo, bibi. Mwaka ule shangazi alipolazwa, wewe ndiwe uliyenipa uji kila asubuhi, ukaniamsha niende shule. Sikupata kukuambia."

Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Marahaba, mwanangu. Mimi nilidhani umesahau." Akainuka, akaingia ndani, akamtolea ndizi za safari.

Shangazi hakuisikia asante yake. Bibi aliisikia. Enyi vijana, nani yuko kijijini kwenu, au katika mtaa wenu, anayedhani ya kuwa mmesahau?

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Taja mtu mmoja, asiye baba wala mama, aliyekusaidia ukiwa mtoto. Alifanya nini hasa?

2. Nani alikupokea ulipozaliwa? Nani alikufundisha kusoma? Kama hujui, mwulize mkubwa wako leo hii.

3. Katika nyumba yenu nani huteka maji, na nani huwashukuru?

4. Wazazi: je, tumepata kuwasimanga watoto wetu? Na sisi wenyewe, kuna mzee gani ambaye bado hatujamwambia asante?